Mstari wa Nne wa Wifi Mwajuma

Usiku ule walikuwapo hawa, na nawataja kwa majina kwa sababu jina la mtu ni haki yake. Alikuwapo mama yangu mzazi, Mwanahawa binti Shomari, aliyetutoka zamani. Alikuwapo kaka yangu wa tumbo moja, Rajabu bin Mfaume, naye marehemu. Alikuwapo mke wa kaka yangu, Mwajuma binti Salehe, wifi yangu, mtunzi wa bonde letu la Kilulu, tuliyemzika msimu ule ule, mpunga ukiwa bado maziwa. Nilikuwapo mimi, Asha binti Mfaume, mwenye ndoto. Na alikuwapo Zuhura binti Seifu, somo wa wifi yangu, kwa kuwa walichezwa unyago pamoja, wakawekwa ndani nyumba moja, wakatolewa siku moja. Huyu Zuhura ni mzima. Anakula, analala, juzi nimemwona anaanika mihogo. Lakini hata kwenye ndoto yangu mwenyewe, iliyojaa marehemu wangu mwenyewe, Zuhura alifika kabla yangu.

Kwanza niwaeleze wasiolijua bonde letu, ndoto isije ikawapita.

Sisi ni watu wa mpunga. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege huja kama wingu, na kila mwenye shamba hujenga dungu, yaani kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, akakaa pale kutwa nzima kuamia ndege. Kutoka dunguni kamba huenda pande zote za shamba zikiwa zimefungwa makopo. Ukivuta, makopo yanalia, ndege wanaruka. Kazi hiyo haichoshi mgongo, inachosha moyo, maana unakaa peke yako na jirani yako yuko mbali, mdogo kama kidole. Ndipo wanawake wa Kilulu, tangu bibi zetu, wakawa wanatupiana beti. Mmoja hutunga mistari mitatu akaitupa kwa sauti juu ya mpunga bila kutaja jina. Mstari wa nne anauacha wazi. Aliyetupiwa hujijua mwenyewe, naye hujibu mstari ule kwa vina vile vile. Ukijibiwa, ubeti umetimia, ni wa watu wote, hata watoto watauimba njiani. Usipojibiwa mpaka mundu unaingia shambani, ubeti umekufa, na kuuimba tena ni mwiko. Na dungu la aliyeutupa, kama mwenyewe hayupo tena, linabomolewa kuni.

Katika kutupa hakuna aliyemfikia wifi Mwajuma. Alitunga akipalilia, alitunga ameinama kwenye tope akipandikiza, na neno likikataa kukaa alilikaripia kama mtoto mtukutu. Kalamu hakuishika. Nilipoanza kwenda kwenye darasa la ngumbaru nilimvuta twende wote, akaja siku moja, akarudi akasema herufi ni nzuri ila zimenyamaza mno. Alimtungia mume aliyelala hali nguruwe wanakula shamba, na mume huyo alikuwa kaka yangu Rajabu, tukacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Alilitungia jembe lililokatika mpini. Na Zuhura ndiyo msiseme. Harusi ya Zuhura ilipata ubeti. Talaka ya Zuhura ilipata ubeti. Hata mbuzi wa Zuhura, yule aliyekuwa akipiga magoti kula mpunga wa watu, alipata wake, na watoto wanauimba hadi leo: *Mbuzi wa somo mwerevu, akisha kula huswali.*

Mbuzi, jamani.

Na mimi ndiye niliyempa maji ya kunawa siku aliyoletwa kwetu bibi harusi. Mimi ndiye niliyempikia uji wa uzazi wa watoto wake wote, Hamisi, Mwanaidi, Saidi, na Fatuma aliyerudi kwa Mola akiwa mchanga. Tuliishi ua mmoja, tukatwanga kinu kimoja, tukazeeka pamoja. Hakunitupia hata ubeti mmoja. Siku moja nikamwuliza, tukiwa tunatwanga. Akacheka, akaniambia niangalie mchi wangu, umechelewa.

Basi msimu ule akapanda dungu lake kama kawaida, uzee wake na yote, na siku ya mwisho kabla homa haijamlaza akatupa ubeti huu. Upepo ulikuwa umetulia na bonde zima lilimsikia:

*Nauliza wa bondeni, mnisikie wenzangu,*
*Kamba hii mkononi, imekata ngozi yangu,*
*Nikishuka mchangani, nani akalinde dungu?*

Akafa haujajibiwa.

Zuhura akasema ametupiwa yeye, somo yake. Mimi nikasema safari hii, ya mwisho, nimetupiwa mimi. Na neno hilo halikuwa dogo, maana ajibuye ndiye atakayepanda dungu la Mwajuma katikati ya bonde, na ubeti wa mwisho wa Mwajuma utaishi kwa mdomo wake. Matangani watu walipitia kwenye mkeka wa Zuhura kwanza kumpa pole, ndipo wakaja kwangu mimi wifi wa marehemu. Yeye akazipokea zote, huku akijifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akanigeukia mbele ya wanawake.

"Wifi, mambo ya beti tuachie wenyewe. Wewe shika sufuria."

"Sufuria nimeishika," nikamwambia, "na zile sahani mbili ulizokula zimetoka humo humo."

Wakacheka wengine, wengine wakavuta tasbihi. Lakini maneno hayakuwa jibu. Zuhura hakujibu ule ubeti, wala mimi. Nilijua anajaribu, maana nilimwona akitembeza midomo njiani peke yake. Nami nilijaribu, nikilisha kuku, nikichota maji, na kila mstari uliokuja ulikuwa na kina lakini hauna roho. Siku zikaenda. Mpunga ukabadilika rangi. Watu wakaanza kunoa mundu, na dungu la wifi Mwajuma limesimama pale katikati, kamba zimelegea, ndege wamelizoea wanatua juu yake.

Ndipo usiku ule.

Nilikuwa ninatembea juu ya tuta, katikati ya mashamba. Mpunga umeiva wote, umeinamisha vichwa, wala hakuna ndege hata mmoja, wala sauti. Jua lipo lakini halichomi. Nikafika chini ya dungu la Mwajuma, nikamkuta mama yangu ameketi anapepeta. Anautupa mpunga juu kwa ungo, mpunga unarudi, makapi hayarudi. Yanabaki hewani yamemzunguka. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua uso. Pembeni yake kaka Rajabu anasokota kamba juu ya paja, anakohoa kile kikohozi chake cha siku zote, kikavu, kile tulichokuwa tukimjulia akiwa bado yuko mbali njiani. Nilifurahi kukisikia kikohozi kile kuliko ninavyoweza kuandika.

Nikainua macho. Juu ya dungu amekaa wifi Mwajuma, amejifunga kanga yake ya kisutu, vumbi la pumba limemkaa kwenye nyusi kama alivyokuwa kila jioni ya kutwanga. Na pembeni yake, ubavu kwa ubavu, miguu inaning'inia, amekaa Zuhura. Anatafuna hindi la kuchoma.

Ukanirudia wivu ule ule wa matangani, ule ule wa siku ya mbuzi. Nikasema moyoni, huyu mtu hajafa, kaingiaje humu? Nani kamfungulia? Nikashika ngazi nipande. Ngazi ina miti miwili ya kusimama tu, katikati haina vidato. Nikamwita wifi. Mdomo ukatoa pumba. Naye kama hanioni. Anavuta pumzi, anautupa ule ubeti wake upya, mstari kwa mstari, na uso wake umemwelekea Zuhura. *Nani akalinde dungu?* Zuhura anatafuna. Punje za mahindi zinaniangukia kichwani.

Nataka kupiga kelele kwamba jibu wewe uliyeitwa, kama umeitwa. Nataka kumvuta miguu ile ashuke. Ninanyoosha mkono niukamate mguu wake, na mkononi mwangu umo mchi.

Wala sikuondoka pale, lakini sasa tuko jikoni kwa mama. Kile kinu chake kiko katikati, chenye ufa ubavuni uliozibwa kwa nta. Mimi nimesimama upande wangu wa siku zote, karibu na mafiga. Wifi Mwajuma amesimama upande wake, mgongo mlangoni, ili apate mwanga. Tunatwanga. Mchi wake unaposhuka wangu unapanda, wangu unaposhuka wake unapanda, na haigongani. Uso wake ni wa ujana, kisha ni wa uzee, kisha ni ule wa siku aliyoletwa kwetu, hina bado mbichi viganjani. Nje ya mlango namwona Zuhura. Yuko mbali sana, ng'ambo kule ya bonde, ametupa mgongo, mdogo kama kidole. Anangoja.

Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamwambia wifi kilichokuwa kikinila miaka yote. Nikamtajia harusi, nikamtajia talaka, nikamtajia mbuzi. Nikamwambia, huyo umempa na mimi hukunipa, umempa ukiwa hai na sasa unampa ukiwa maiti. Mchi wangu nilikuwa naushusha kwa hasira, mpunga unaruka nje ya kinu.

Yeye hakuacha kutwanga. Akasema, "Hutupiwa aliye mbali, wifi. Wewe ningekutupia wapi?"

Na aliposema hivyo nikasikia. Sijui nisemeje. Katika ndoto mtu hakumbuki, anasikia. Nikazisikia beti zake zote zikitoka mle kinuni, moja baada ya moja. Alikuwa akiguna chini chini, mchi wake unashuka na neno, wangu unashuka na la kwangu, na mchi wangu ukichelewa anabadili neno lake likae. Ule wa jembe ulitoka pale. Ule wa kaka Rajabu ulitoka pale, kaka mwenyewe amelala barazani. Ule wa mbuzi, siku ile mchi wangu uliteleza, nikaanguka magoti mbele ya kinu, tukacheka sote wawili, na kesho yake mbuzi wa Zuhura akawa anaswali bonde zima. Nilikuwapo. Zilitoka hapo zimeiva, ndipo zikapanda dunguni kutupwa kwa watu.

Wifi anashusha mchi. Anaguna:

"Kamba nimeshika chini..."

Wangu ukapanda. Mchi ukiwa juu hauwezi kukaa huko, lazima ushuke, nao ukashuka, na mdomo wangu ukasema pamoja nao:

"...shuka polepole, wangu."

Kaka Rajabu akaacha kukohoa. Mama yangu, aliyekuwa hajainua uso tangu nifike, akauinua akanitazama, na makapi yote yaliyokuwa hewani yakashuka taratibu yakatulia chini.

Wifi Mwajuma akauegemeza mchi wake ukutani. Akatia vidole kinuni, akatoa punje chache za mchele, akaziweka ulimini, akatafuna kama alivyokuwa akifanya siku zote kabla hajasema umetakata au bado. Hakusema umetakata. Alisema, "Mpelekee somo, kabla mundu haujaingia."

Nikamwambia, "Ni wangu."

"Ndiyo maana nakutuma wewe."

Nikasema la. Nakumbuka wazi nilisema la. Nikakishika kinu kwa mikono miwili kama mtu anayenyang'anywa. Lakini nilichokishika si kinu tena, ni kamba, na juu yangu kuna dungu, na wifi Mwajuma anashuka. Ngazi bado haina vidato, anashuka kwa kamba ile, mguu mmoja, mguu wa pili, anatafuta pa kukanyaga kama wazee tunavyoshuka. Mzito. Sikujua kama ni mzito vile. Kamba inanikata viganja na ninaikaza, nisipoikaza ataanguka. Nikaona mkono mwingine umeshika kamba ile ile, juu ya mkono wangu. Nikautambua kwa pete ya shaba. Zuhura. Hata pale, jamani. Nilitaka kumwambia aachie, hii ni yangu, lakini tungeachia mmoja wetu Mwajuma angeshuka kwa kishindo. Basi tukashusha wote wawili, polepole.

Mguu wake ukagusa mchanga. Kamba ikawa nyepesi.

Nikaamka.

Jogoo wa jirani alikuwa anawika na nje kumeanza kupauka. Mstari ulikuwa mdomoni, mzima, haujapungua neno. Nililala vile vile chali nikausema mara nyingi, na kwa muda mrefu nilijua jambo moja tu, kwamba hapana mtu mwingine aliye hai anayeujua. Ningeweza kwenda moja kwa moja bondeni. Ningeweza kupanda dungu lile kabla jua halijatoka, nikautupa, na wanawake wote wa Kilulu, walionipitia wa pili kwenye mkeka wa matanga, wangeinua vichwa wakasema kumbe ni Asha. Nililitaka jambo hilo. Sijapata kutaka kitu kama nilivyolitaka lile, na nina miaka mingi ya kutaka.

Lakini nilikuwa nimetumwa. Aliyetumwa na marehemu akakalia ujumbe, ndoto haitamwacha alale. Na viganja vyangu bado vilikuwa na uzito wa yule mtu akishuka. Nikajifunga kanga, nikatoka na mdomo nimeufumba, nisije nikasalimiana na mtu maneno yakachanganyika.

Zuhura alikuwa anafagia uani. Aliponiona akaegemea fagio tayari kwa ugomvi, kwa kuwa tangu matanga hatukuwa tumesalimiana. Nikamwambia nimeletwa na somo yako. Nikamwambia ndoto ilivyokuwa, dungu, hindi la kuchoma, kinu, yote isipokuwa nani alisema kipande kipi. Kisha nikampa mstari.

*Kamba nimeshika chini, shuka polepole, wangu.*

Fagio likaanguka. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, mtu mzima yule, akalia kama hakulia matangani, maana matangani alikuwa anatazamwa. Nikakaa karibu naye. Alipomaliza akajifuta, akanitazama kwa jicho lile lile la Zuhura.

"Hilo la mwisho, wifi," akasema, "ni la Mwajuma kweli? Sijamsikia hata siku moja akisema wangu."

Nikamwambia mimi nimetumwa tu.

Asubuhi ile ile akapanda dungu. Wenye mundu walikuwa wamekwisha kufika kingoni mwa bonde, wakasimama. Akautupa ubeti wote wa marehemu, mistari mitatu, kisha wa nne, na sauti yake, siwezi kumdhulumu, ilifika. Wanawake wakapiga vigelegele kutoka shamba hadi shamba. Mimi nilikuwa chini, katikati ya mpunga, nimeshika ile kamba ya makopo iliyolegea, nikaivuta ili nisikike na mimi. Ndege wakaruka wote.

Sasa watoto wanauimba wakienda kuchota maji. Wanasema ubeti wa Mwajuma, jibu la Zuhura. Nikiwasikia najishughulisha na jambo jingine.

Majina nimeyataja kadiri ninavyoyakumbuka. Kama Saidi alizaliwa kabla ya Mwanaidi, au kama ule ufa ulizibwa kwa lami na si kwa nta, nanyi mnajua, nisahihisheni, sitakasirika. Zuhura naye anisahihishe kuhusu mbuzi wake, maana ni wake. Lakini la kinuni msinisahihishe. Pale tulikuwa wawili tu, na mwenzangu amekwisha kushuka.